Kufuli Halikuambii Muuzaji ni Nani

Swali: Ndugu mtaalamu, mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Mashine yangu ya ovaloki imekufa na vipuri vyake sivipati mjini; hata Kariakoo nimeambiwa nisubiri. Mwanangu amevipata kwenye tovuti ya China kwa dola 38 pamoja na usafiri, na anataka nifungue kadi ya kwenye simu ili nilipe. Kila nikigusa naulizwa mambo nisiyoyajua: CVV, OTP, HTTPS, ulinzi wa mnunuzi, namba ya kufuatilia mzigo. Yeye anasema ukiona alama ya kufuli pale juu, tovuti ni salama. Je, hilo latosha? Naomba unieleze maneno haya kama kwa mtu ambaye hajawahi kununua mtandaoni, maana pesa hii nimeitolea jasho.

Jibu: Shikamoo, Mama. Naanza na swali lako la kufuli: peke yake halitoshi, na sababu ya kutotosha ndiyo inayofungua maana ya maneno mengine yote uliyoyataja. Unapolipa mtandaoni kuna maswali matatu yanayojibiwa kwa mpigo bila wewe kuyasikia. La kwanza, je, taarifa zinazotoka kwenye simu yako kwenda kwenye tovuti zinaweza kusomwa na mtu aliye njiani? La pili, je, aliye upande wa pili ndiye yule anayejitambulisha? La tatu, je, anayelipa ndiye mwenye pesa? Kufuli, CVV na OTP, kila kimoja hujibu moja tu kati ya hayo. Watu wengi wanaoibiwa walikuwa na ulinzi, tena wa kweli, ila walichukua jibu la swali moja wakadhani limejibu na mengine.

Kufuli, pamoja na herufi HTTPS zinazotangulia anwani ya tovuti, hujibu swali la kwanza pekee. Maana yake ni kwamba taarifa zako husimbwa kabla hazijaondoka kwenye simu, zikasafiri zikiwa hazisomeki, na zikafumbuliwa na kompyuta inayomiliki anwani ile. Mtu anayetumia Wi-Fi moja na wewe hotelini au stendi ya basi hawezi kuisoma namba ya kadi yako njiani. Huo ni ulinzi mkubwa, na tovuti isiyokuwa nao usiiandikie hata namba ya simu. Lakini ni sawa na bahasha iliyofungwa kwa lakiri: ikiandikwa jina la mwizi, itamfikia mwizi ikiwa salama salimini. Zamani tovuti ililazimika kununua cheti cha kuiwezesha kutumia usimbaji huo, na gharama ile iliwapunguza matapeli kidogo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2015 shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bure kwa yeyote anayeweza kuthibitisha kuwa anwani ni yake, jambo ambalo limeufanya mtandao mzima kuwa salama zaidi, lakini tapeli naye anaweza kulithibitisha, kwa kuwa anwani yake ya kitapeli ni yake kweli. Mwaka 2023 kivinjari cha Chrome kiliondoa kabisa alama ya kufuli kwenye kompyuta na simu za Android na kuweka alama nyingine, baada ya Google kuona kwamba watumiaji wengi walilisoma kufuli kama cheti cha uaminifu. Kwa hiyo mwanao hakosei kulitazama, ila ameliuliza jambo ambalo halina uwezo wa kulijibu.

Swali la pili, yaani aliye upande wa pili ni nani, hujibiwa kwanza na anwani yenyewe, na kuisoma anwani ni ujuzi ambao ningependa kila mwenye simu awe nao. Chukua mfano huu wa kubuni: https://malipo.duka-mfano.co.tz/vipuri. Ruka ile mikwaju miwili ya mwanzo (alama za //), tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata, kisha usome kutoka hapo ukirudi kushoto. Utakutana na «co.tz», halafu «duka-mfano». Hapo ndipo penye jina la mwenye tovuti. Neno «malipo» lililo kushoto zaidi ni kijichumba tu ndani ya tovuti yake. Sasa tazama hii: https://duka-mfano.co.tz.mgeni-mfano.com/vipuri. Jicho linakimbilia mwanzo, linaliona jina la duka, linaridhika. Ukisoma kwa kurudi kushoto kutoka kwenye mkwaju, unakutana na «com», kisha «mgeni-mfano», na huyo ndiye mwenye tovuti. Kila kilichoko kushoto kwake amejiandikia mwenyewe apendavyo. Mbinu nyingine ni kubadili herufi moja, kama kuweka sifuri mahali pa o, au kuweka kistari ambacho duka halisi halina.

Kwa sababu hiyo, usifike dukani kwa kubonyeza kiungo ulichotumiwa kwa SMS, WhatsApp au barua pepe, hata kama kimetumwa na mtu unayemfahamu, kwa maana huenda naye ametumiwa. Andika anwani mwenyewe, au tumia programu ya duka uliyoipakua kutoka Play Store au App Store. Ujumbe unaojifanya umetoka benki, kampuni ya simu au duka ili ubonyeze na kuandika siri zako huitwa hadaa, na dalili yake ya kudumu ni haraka: akaunti itafungwa leo, mzigo utarudishwa, zawadi inaisha saa sita usiku.

Twende kwenye kadi. Kadi ya mtandaoni ambayo mwanao anakutaka uifungue haina plastiki. Ni namba unayopewa ndani ya programu ya benki au ya huduma ya pesa kwa simu, na hutumika kama kadi yoyote ya Visa au Mastercard. Kwa mtu anayeanza mimi huipendelea kuliko kadi ya akaunti kubwa ya benki, kwa sababu moja iliyo wazi: unaweza kuweka humo kiasi unachotaka kulipa na nyongeza kidogo, na hata namba ikiibiwa, mwizi hatakuta akiba yako yote. Angalia tu kama huduma yako inatenga salio la kadi na salio la simu, maana nyingine huchota moja kwa moja kwenye salio la simu, na hapo faida hiyo inapungua.

Kadi ina namba ndefu, kwa kawaida ya tarakimu 16. Tarakimu za mwanzo hutambulisha mtandao wa malipo na taasisi iliyotoa kadi; za Visa huanza na 4, za Mastercard huanza na 5 au 2. Tarakimu ya mwisho haibebi siri yoyote. Hupatikana kwa kukokotoa zile zilizotangulia, ili ukikosea kuandika tarakimu moja tovuti igundue papo hapo. Nakueleza hili kwa sababu litakufaa siku ya kulipa. Ukiambiwa «namba ya kadi si sahihi», mara nyingi umekosea kuandika. Ukiambiwa «malipo yamekataliwa», namba iko sawa na waliokataa ni benki au huduma yako: salio halitoshi, kiwango cha juu cha malipo kimefikiwa, au kadi haijaruhusiwa kulipa nje ya nchi. Jibu la hilo liko kwa aliyekupa kadi. Haliko kwa muuzaji anayekwambia, baada ya malipo kukataliwa, umtumie picha ya kadi ili akusaidie kulipa.

CVV ni tarakimu tatu zilizo nyuma ya kadi ya plastiki, au zinazoonekana ndani ya programu kwa kadi ya mtandaoni. Kazi yake ni kuonyesha kwamba anayelipa anayo kadi hiyo mbele yake, maana kanuni za usalama za mitandao ya kadi zinakataza duka kuitunza CVV baada ya malipo kuidhinishwa. Duka linaweza kuihifadhi namba ndefu kwa ruhusa yako ili usiiandike tena. CVV haliruhusiwi kuihifadhi. Unaiandika kwenye ukurasa wa malipo peke yake, na humtajii mtu kwa simu wala kwa maandishi. Namba ya siri, ile ya tarakimu nne ya kutolea pesa ATM au kwenye simu, ni jambo jingine kabisa. Ukurasa wa kununulia mtandaoni ukikuomba namba ya siri ya kadi yako, ondoka hapo.

OTP ni namba ya matumizi ya mara moja unayotumiwa kwa SMS wakati wa kulipa, nayo hujibu lile swali la tatu. Benki inasema: mtu ameandika namba ya kadi, tarehe ya mwisho wa kadi na CVV, lakini je, simu ya mwenye kadi anayo? Naomba ukae kidogo na ujumbe huo utakapokufikia, badala ya kunakili namba haraka kama wengi tufanyavyo. Ujumbe ulioandikwa vizuri hutaja kiasi na jina la anayelipwa, kwa mfano: «Namba yako ya uthibitisho ni 482913 kwa malipo ya USD 38.00». Ukiona dola 380, au jina usilolijua, au ukipata ujumbe huo wakati hununui kitu, mtu mwingine ameshika taarifa za kadi yako na kilichobaki kumzuia ni namba hiyo tu. Ndiyo maana matapeli hupiga simu kwa sauti ya upole wakijitambulisha kuwa huduma kwa wateja, wakisema kuna namba imekuja kwako kwa bahati mbaya, uwasomee. Hakuna mfanyakazi wa benki wala wa kampuni ya simu anayehitaji kusomewa OTP yako, kwa kuwa kompyuta zao ndizo zilizoitoa.

Hapo hapo niseme habari ya namba ya siri ya simu, maana nayo wengi huichanganya. Namba ya siri huhitajika pesa inapotoka kwako; pesa inapoingia haihitajiki hata mara moja. Anayekuambia uingize namba ya siri ili «upokee» malipo au marejesho anakutolea pesa. Na ukilipa duka la hapa nyumbani kwa lipa namba, kabla hujaweka namba ya siri skrini hukuonyesha jina la biashara. Lisome, ulilinganishe na jina la duka, kisha ndipo uendelee. Muuzaji wa Instagram mwenye picha nzuri za duka lakini anayetaka utume kwenye namba ya mtu binafsi yenye jina tofauti hajakupa sababu ya kumwamini, na kwake ni haki yako kusema utalipa mzigo ukifika.

Kwenye kadi yako weka zaidi ya dola 38. Bei iko kwa dola na pesa yako ni shilingi, hivyo kiwango cha kubadilishia hupangwa na mtandao wa kadi pamoja na mtoa kadi, ambaye mara nyingi huongeza ada yake. Tovuti ikikupa nafasi ya kulipa «kwa shilingi» papo hapo, soma kiasi kabla ya kukubali, kwa sababu kiwango cha tovuti mara nyingi huwa kibaya kuliko cha benki. Usishtuke pia ukiingiza kadi kwa mara ya kwanza ukaona dola moja hivi imezuiliwa. Hilo ni jaribio la kuona kama kadi iko hai, na kiasi hicho huachiwa baadaye.

Sasa ulinzi wa mnunuzi, ambalo kwangu ndilo neno lenye thamani kubwa kuliko yote uliyoyataja, kwa kuwa linagusa kitu ambacho kufuli, CVV na OTP havikigusi: je, bidhaa itakuja, na itakuwa ile uliyoiona? Kwenye masoko makubwa kama AliExpress, unayemlipa kwanza ni soko lenyewe. Soko huishikilia pesa, muuzaji hutuma mzigo, na pesa humfikia pale unapothibitisha kwamba umepokea au muda wa ulinzi unapokwisha bila wewe kulalamika. Mambo mawili huuvunja ulinzi huo, na yote mawili hufanywa na mnunuzi mwenyewe kwa kushawishiwa. La kwanza ni kulipa nje ya soko: muuzaji anakuvuta WhatsApp, anakupunguzia dola tano, anakupa akaunti ya benki au namba ya kutumia pesa. Ukikubali, soko halina rekodi ya malipo yako na halitakuwa na cha kukurudishia. La pili ni kubonyeza «nimepokea» kabla mzigo haujafika, kwa sababu muuzaji ameomba kwa heshima au amesema posta imechelewa. Kitufe hicho ndicho kinachoachia pesa. Ukiona muda wa ulinzi unakaribia kwisha na mzigo haujaonekana, omba uongezwe, au fungua madai ndani ya tovuti, siyo kwa mazungumzo ya pembeni.

Mwanao ahakikishe pia yuko soko gani. AliExpress huuza hata kipande kimoja. Alibaba ni soko la jumla, na wauzaji wengi huko huweka kiwango cha chini cha oda. Unaweza kuona bei ya dola mbili kwa kipuri kumbe ni kwa anayechukua mia. Na kabla ya kuweka kitu kwenye kikapu, linganisha namba ya modeli iliyochongwa kwenye kibati cha mashine yako na ile iliyoandikwa kwenye maelezo ya bidhaa, herufi kwa herufi, kisha umwandikie muuzaji ndani ya soko akuthibitishie. Mazungumzo hayo yakibaki humo, ndiyo ushahidi wako kipuri kikija kisichoingia. Soma maoni ya wanunuzi yenye picha walizopiga wenyewe, na uanze na yale ya nyota moja na mbili.

Ukishalipa utapewa namba ya kufuatilia mzigo. Ikiwa umetumwa kwa posta ya kimataifa, namba hiyo huwa na alama 13: herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi ilikotoka, kama CN kwa China. Kuwa na namba hakuthibitishi kwamba mzigo ni wako, kwani wapo wauzaji wanaotoa namba ya mzigo uliokwenda mji mwingine. Angalia kama safari yake inaelekea Tanzania. Mzigo ukifika nchini unaweza kutozwa ushuru wa forodha na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba, yenye tarakimu 12 zinazoanza na 99. Ujumbe unaosema mzigo wako umezuiliwa forodhani, tuma elfu ishirini kwenye namba hii ya simu, ni wa tapeli, hata ukija siku ile ile unayosubiri mzigo.

Akaunti utakayofungua dukani itahitaji nywila, yaani neno la siri la kuingilia. Urefu ndio nguvu yake: maneno manne yasiyohusiana yanaishinda nywila fupi yenye alama za ajabu. Isiwe ile unayotumia kwenye barua pepe, kwa kuwa duka likiibiwa taarifa zake, wezi hujaribu nywila hizo hizo kwingine, na anayeishika barua pepe yako anaweza kubadili nywila za akaunti zako zote. Kwenye barua pepe washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nywila uombwe uthibitisho wa pili. Linda pia laini yako ya simu, maana ndiyo inayopokea OTP: ikikata mtandao ghafla bila sababu huku za wenzako zikifanya kazi, nenda haraka kwenye duka la kampuni yako ya simu, kwa sababu huenda mtu ameihamishia kwenye kadi nyingine ya simu (SIM). Kwa kupiga *106# unaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, na ukikuta usiyoijua, uombe ifutwe.

Mambo yakiharibika, kuna njia mbili tofauti za kurudisha pesa. Marejesho hutolewa na muuzaji au soko, ukianza kwa madai ndani ya tovuti. Yakishindikana, unaiomba taasisi iliyokupa kadi ipinge malipo hayo kupitia mtandao wa kadi. Utatakiwa kuonyesha oda, mazungumzo na picha za ulichopokea. Kwa madai mengi muda wa kupinga malipo ni hadi siku 120, lakini anza mapema, kwani taasisi nyingine huweka muda mfupi zaidi kwa wateja wao. Pesa uliyomtumia mtu moja kwa moja kwa simu haina njia hiyo ya pili; hapo ni kuipigia kampuni ya simu dakika ile ile kuomba muamala uzuiwe kabla hajatoa.

Ikiwa ni utapeli wa wazi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakupa haki ya kwenda polisi na kufungua jalada. Namba ya simu iliyotumika katika utapeli itume kwenda 15040, ambayo ni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa ajili hiyo, na ujumbe wenyewe uliotumiwa usiufute, kwa sababu polisi wataomba kuuona kwenye simu yako.